Nani Aliyechimba Ngoro ya Kwanza?

Liko swali moja ambalo kila mwalimu wa historia hulijua, kwa kuwa wanafunzi hawachoki kuliuliza: Ni nani aliyeanza? Ukiwafundisha habari za mashine ya mvuke watataka jina, na kitabu kitawapa jina la James Watt, ijapokuwa mashine ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu mwaka 1712, kabla Watt hajazaliwa. Ukiwafundisha habari za simu watataka jina jingine. Si kosa lao. Akili ya kijana hulishika jambo upesi zaidi likiwa na sura ya mtu. Lakini swali hilo likiulizwa katika milima ya Umatengo huleta tabu ambayo vitabu vya shule havikuizoea, na ndiyo tabu ninayotaka tuitazame hapa.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Mbinga aliniletea daftari la wanafunzi wake. Vijana hao walikuwa wameandika makala ambayo walikusudia kuipeleka katika kamusi elezo ya mtandaoni iitwayo Wikipedia, ambayo ilianza kwa Kiingereza tarehe 15 Januari 2001, na kwa Kiswahili mwaka 2003. Wasomaji wengi wanaijua. Hiyo ni kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea. Kila mtu anaruhusiwa kuandika, ila si kila kinachoandikwa huachwa kidumu. Makala ya vijana wale ilihusu mzee mmoja wa zamani wa ukoo fulani wa Kimatengo. Walimwita mvumbuzi wa ngoro, wakampa mwaka wa kuzaliwa, wakataja kilima alichochimba shimo la kwanza. Mwalimu aliniomba niisome na kuamua: Je, mzee huyu anastahili kuandikiwa makala?

Jina la mzee huyo sitalitaja. Ukoo wake una watu walio hai, na sababu nyingine itaonekana mbele.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe, maana wako Watanzania wengi waliosoma habari za bustani za Babeli bila kusikia habari za ngoro. Nchi ya Wamatengo ni nchi ya milima yenye miteremko mikali, na mvua zake ni nyingi. Mahali pengine nchi ya namna hiyo ikilimwa kwa jembe kwa miaka michache, udongo wote huteremka mtoni, likabaki jiwe. Wamatengo wameilima kwa vizazi na vizazi, na udongo uko. Siri yake ni hii. Mvua zinapoelekea mwisho, yapata mwezi wa Machi, majani na magugu yaliyoota katika shamba lililopumzishwa hukatwa kwa nyengo, ambayo ni mundu wao wa mpini mrefu, yakaachwa yanyauke kwa siku chache. Kisha hukusanywa na kulazwa kwa safu, nyingine zikishuka na mteremko na nyingine zikikatiza, hata upande wote wa kilima ukawa kama wavu uliotandazwa. Ndani ya kila jicho la wavu huo huchimbwa shimo, na udongo unaotoka shimoni hufukia majani yaliyo pembeni. Ndipo yanapopatikana matuta manne yanayozunguka shimo moja, na kila tuta ni la mashimo mawili. Upana wa shimo ni mita moja hadi mbili, na kina chake kwa kawaida hakipiti goti la mtu mzima.

Maharage hupandwa juu ya matuta mara tu yanapokwisha kufanyizwa. Yakishavunwa shamba hutulia mpaka mvua za mwisho wa mwaka, ndipo mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni. Baada ya mahindi shamba hupumzika tena hadi Machi ya mzunguko mwingine, na safari hii mashimo mapya huchimbwa pale yalipokuwa matuta. Kwa hiyo kilichooza shimoni kinakuwa chakula cha tuta jipya, na kilichooza chini ya tuta la zamani kinachimbuliwa na kugawanywa. Mvua kubwa inaponyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Kila shimo hushika sehemu yake, hulituliza, huacha matope chini, na kinachozidi huvuka taratibu kwenda shimo la chini yake. Mtu akisimama ng'ambo ya bonde akatazama, huona kilima kizima kimetobolewa kama sega la nyuki.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa makusudi. Huu ni ufundi wa hali ya juu. Umeunganisha elimu ya maji, ya udongo, ya mimea na ya majira katika kazi moja inayofanywa kwa mundu na jembe la mkono. Tumezoea kuuita kilimo cha jadi, na neno jadi, zuri kama lilivyo, limetufanya tusahau kwamba kila cha jadi kilikuwa kipya siku moja, na siku hiyo kulikuwa na mtu aliyefikiri. Vijana wa Mbinga hawakusahau. Hilo ndilo jema la kwanza katika daftari lao, nami nililiandika kwa wino mwekundu pembeni kabla sijaandika neno jingine lolote.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kamusi elezo hiyo ina kanuni ambayo wengi huitafsiri kwa neno umaarufu, na tafsiri hiyo imepotosha watu. Mtu husoma neno umaarufu akadhani kinachotakiwa ni sifa, kwamba mhusika awe anajulikana kama mwimbaji au mchezaji wa mpira. Sivyo. Kanuni hiyo haiulizi kama mtu ametenda jambo kubwa. Inauliza kama watu wengine, wasio jamaa zake wala waajiri wake, wameandika habari zake kwa kirefu katika maandishi ya kuaminika yaliyokwisha kuchapishwa. Ni kipimo cha ushahidi, na ndiyo maana matokeo yake mara nyingine hushangaza.

Mwaka 2018, mwezi wa Mei, makala juu ya Donna Strickland, mwanafizikia wa Canada, ilikataliwa katika kamusi elezo ya Kiingereza kwa sababu mhariri aliona maandishi yaliyotajwa hayatoshi. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa kwamba mama huyo amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Arthur Ashkin na Gérard Mourou. Siku hiyo hiyo makala yake ikakubaliwa. Kazi yake juu ya mwanga wa leza ilikuwa imefanywa katika miaka ya 1980. Haikuongezeka thamani kati ya Mei na Oktoba. Kilichoongezeka ni watu walioandika.

Nasi tuna mfano wetu, ulio bora zaidi kwa darasa la Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa ya moto aliyoyatia katika jokofu ili kutengeneza aiskrimu yaliganda kabla ya maziwa yaliyokwisha kupoa. Alipouliza hakuaminiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni hapo. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alikwenda akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Tangu hapo jina la Mpemba limekaa katika vitabu vya fizikia duniani kote. Na tazama ajabu iliyopo: wataalamu hawajakubaliana mpaka leo kama jambo lenyewe ni la kweli kwa kila hali. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha uchunguzi wao wakisema hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulithibitisha. Lakini hakuna anayebisha kwamba Mpemba anastahili makala yake, kwa sababu ushahidi juu yake, na juu ya swali lake, umejaa maktaba. Kwa upande mwingine, hakuna mtaalamu anayebisha kwamba ngoro huzuia mmomonyoko wa udongo, lakini aliyeianza hana jina.

Ngoro yenyewe haikukosa waandishi. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1944 Stenhouse aliandika juu ya kilimo cha milima ya Umatengo katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Harry Basehart, Mmarekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya ukulima na makazi ya Wamatengo. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa ushirikiano na Wajapani, kilifanya utafiti mrefu Mbinga, na humo ngoro ilipimwa kwa vipimo vya kisasa. Kwa kanuni ya kamusi elezo, basi, ngoro inapita mlangoni bila kuinama. Anayezuiwa ni mzee wa vijana wetu, maana katika maandishi hayo yote jina lake halimo. Vijana walitaja chanzo kimoja tu: mazungumzo na wazee watatu.

Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapo na kusema hapana. Mimi sikuweza, kwa sababu jibu hilo, ingawa ni sahihi kwa kanuni, lina dhuluma ndani yake. Na dhuluma hiyo huonekana vizuri zaidi ukiteremka kutoka milimani kwenda ziwani.

Barabara ya kutoka Mbinga hushuka mpaka Mbamba Bay, ambayo tangu mwaka 2012 ndiyo makao ya Wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga. Kaskazini yake, ufukweni, iko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake linalofanana na sanamu la Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Hadithi husema alipiga makasia akaenda kumgombeza Rhoades, ambaye alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, akidhani amelewa. Magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini. Kisa hicho kidogo kimeandikwa mara nyingi katika lugha nyingi. Meli ina makala, vita vina makala.

Na meli hiyo ilifikaje ziwani, hata ikaanza kazi mwaka 1893? Mapande yake yalipandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire, na penye maporomoko yakabebwa na wapagazi. Kubeba meli ya chuma vichwani na mabegani, kipande kwa kipande, ni ufundi pia. Kuna mtu aliyepanga mizigo ile, akajua nani abebe nini na wapi wapumzike. Hana makala. Vivyo hivyo mafundi waliochonga mitumbwi ya mti mmoja ya Wanyasa, mitumbwi ambayo imeyashinda mawimbi ya ziwa lile kwa karne nyingi kuliko meli yoyote. Waliokuwa na kalamu waliandikana wao kwa wao. Sasa tunaambiwa kipimo ni maandishi, nasi tunajua ni nani alikuwa na kalamu wakati ule. Kanuni iliyotungwa kwa nia njema, ili kuzuia majisifu na uongo, inatuletea tena mlangoni hesabu ile ile ya kikoloni ya nani ni mtu na nani ni mzigo.

Wenyewe wanaoisimamia kamusi elezo hiyo wameliona tatizo. Mwaka 2011 ulifanywa mradi huko India na Afrika Kusini, kwa msaada wa taasisi ya Wikimedia, wa kurekodi masimulizi ya watu na kuyatumia kama ushahidi wa makala juu ya mambo ya vijijini yasiyoandikwa popote. Mradi huo ulizusha ubishi, wala haukubadili kanuni kuu. Lakini ulionyesha kwamba swali la vijana wa Mbinga si la ushamba. Kwa hiyo nilikubali, kwa hoja tu, kuliweka kando sharti la maandishi, nikaamua kuyapima masimulizi yenyewe kwa vipimo vya masimulizi. Maana masimulizi nayo yana kanuni zake, na anayeyaheshimu kweli hawezi kuyapokea kama maji ya mvua.

Hapo ndipo shida ya pili ilipojitokeza. Wazee watatu waliohojiwa wote walikuwa wa ukoo mmoja, ukoo wa huyo mzee. Mahali pengi Umatengoni husimuliwa kwamba Wangoni walipoingia nchi hizi, katikati ya karne ya 19, watu walikimbilia milimani na mapangoni, kama vile huko Liuli watu wanavyosimulia habari za kujificha katika jiwe la Pomonda. Wengi walijikuta wamebanana katika eneo dogo lenye miteremko, na wataalamu wengine wamehisi kwamba kubanana huko ndiko kulikowalazimisha kulima kwa namna isiyochosha ardhi. Kama ni hivyo, ngoro ilikua katika mikono ya watu wengi waliofika pamoja na shida moja. Kila ukoo ungeweza kuwa na mzee wake wa kwanza, na bila shaka ukiuliza utapewa. Vijana hawakuuliza ng'ambo ya bonde.

Tena, katika nchi ya Wamatengo, kumtaja babu si jambo la historia tupu. Ardhi yao hugawanyika kwa ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima baina ya vijito viwili, na ntambo moja kwa desturi hushikwa na watu wa ukoo mmoja waliomfuata babu yao. Kusema kwamba fulani ndiye aliyechimba shimo la kwanza juu ya kilima fulani ni kusema pia kilima ni cha nani. Leo vijana wameandika kwa nia safi. Kesho mtu atachapa ukurasa huo na kuupeleka barazani katika shauri la shamba, akisema kamusi elezo ya dunia imekwisha kuamua. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutolitaja jina. Mwaka ule wa kuzaliwa nao haukuwa na chanzo. Nilipouliza, mwanafunzi mmoja alikiri kwa uaminifu kwamba waliukisia, kwa kuwa makala nyingine zote walizoziona zina mwaka.

Lakini kilichonikatia shauri hakikuwa ardhi wala mwaka. Kilikuwa kazi yenyewe. Soma tena maelezo ya namna ngoro inavyofanyizwa, na uulize kila tendo ni la nani. Kukata majani na kuyalaza ni kazi ya wanaume. Kuchimba mashimo na kuyafukia majani, kazi ifanyayo ngoro kuwa ngoro, ni ya wanawake. Ni wao pia wapandao maharage na kupalilia. Makala ya vijana ilisema mzee alichimba shimo la kwanza. Kwa desturi ya nchi ile, kama shimo la kwanza lilichimbwa na mtu mmoja, basi inaelekea zaidi kwamba alikuwa bibi kuliko babu! Wazee watatu, wote wanaume, waliulizwa nani aliyevumbua. Hakuna aliyemuuliza mwanamke hata mmoja, ingawa ndani ya darasa lile lile walikuwamo wasichana ambao kila mwezi wa Machi hushika jembe pamoja na mama zao. Tukikubali jina lile tutakuwa tumesahihisha dhuluma moja, ya Mzungu kumsahau Mwafrika, kwa kuandika nyingine juu yake.

Niliandika basi kwamba mzee huyo asiandikiwe makala, na sababu zangu nikazieleza kama nilivyozieleza hapa. Mwalimu hakuridhika. Barua yake ilikuwa na hoja nzito, nami naona ni haki wasomaji waisikie. Alisema: watoto wa nchi nyingine hufundishwa majina; watoto wetu hufundishwa makabila. Mwingereza alivumbua, Mjerumani alivumbua, lakini Wamatengo wanalima kwa ngoro, kama vile nyuki watengenezavyo sega. Je, si dharau ile ile kutuona sisi kuwa kundi lisilo na kichwa?

Hoja hiyo ilinichoma, hasa kwa vile neno la sega nilikuwa nimelitumia mwenyewe. Ni kweli kabisa kwamba waandishi wa enzi ya ukoloni walipenda kusema kabila hufanya hivi na kabila hufanya vile, na kwa namna hiyo wakawanyang'anya watu wetu akili zao za pekee. Ukisoma maandishi yale, hutamuona mkulima hata mmoja akijaribu, akikosea, akibadili. Kwa hiyo nilikubali kwamba haitoshi kuandika kuwa ngoro ni desturi ya Wamatengo. Desturi haichimbi. Makala iseme wazi kwamba ngoro ilivumbuliwa na kuendelezwa na watu, wanawake kwa wanaume, katika mahali na nyakati zenye shida fulani. Iseme ni kazi gani ilifanywa na nani. Iseme kwamba majina yao hayakuandikwa, na kwa nini hayakuandikwa. Kukiri kwamba jina limepotea ni jambo tofauti na kusema halikuwapo.

Lakini sikukubali kwamba dawa ya jina lililopotea ni jina la kukisia. Wala si kweli kwamba heshima huja kwa mtu mmoja tu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani kihamba cha Shimbwe Juu kule Kilimanjaro, na ufugaji wa Wamaasai wa Engaresero. Hakuna aliyedai jina la Mchaga wa kwanza kupanda mgomba chini ya mti. Kilichotakiwa ni maelezo kamili ya namna mfumo unavyofanya kazi, na ushahidi kwamba bado unafanya kazi. Ngoro haikuwa katika orodha hiyo ya mwaka 2011, na sioni kwamba ilikosa sifa. Ilikosa waandishi wa kuisemea kwa ukamilifu. Hiyo ndiyo kazi ambayo vijana wa Mbinga wangeweza kuifanya vizuri kuliko mtu yeyote aliyeko Dar es Salaam, Tokyo au London.

Nilimrudishia mwalimu daftari na karatasi ya maswali. Niliwaomba wanafunzi wasiulize tena nani aliyeanza. Waulize: Wewe ulifundishwa na nani kuchimba, ukiwa na umri gani? Shimo likikosewa hukosewa vipi? Katika mteremko mkali zaidi shimo hubadilishwa namna gani? Mama yako alifanya tofauti na bibi yako? Nyengo ilifuliwa na mhunzi yupi, na yeye alijifunza wapi? Waulize pande zote mbili za bonde, na waanze na wanawake. Majina ya wanaojibu yaandikwe kwa idhini yao, pamoja na tarehe na kijiji, na nakala ibaki shuleni. Huenda kati ya majibu hayo likapatikana jina la mkulima wa karibuni, aliye hai au aliyefariki miaka michache iliyopita, aliyetengeneza jambo jipya ambalo majirani wote wanalijua na kulishuhudia. Huyo nitampigania mwenyewe mbele ya mhariri yeyote.

Walifanya kazi hiyo katika likizo ya Machi na Aprili, wakati mashimo yanapochimbwa. Makala yao mpya inahusu ngoro, na sentensi yake ya kwanza inataja wanawake kabla ya wanaume, kwa kuwa, walisema, ndivyo walivyowakuta shambani. Kuhusu mzee wa ukoo, wameandika mstari mmoja tu: kwamba wako watu katika ukoo mmoja wanaosimulia kuwa babu yao ndiye aliyeanza, na kwamba koo nyingine husimulia vingine. Mhariri wa kamusi elezo, kwa kanuni zake, huenda akaufuta mstari huo. Niliwaambia wauweke hata hivyo katika nakala ya shule.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, msichana, aliniuliza swali la mwisho tulipokuwa tukiagana. Alisikia kwamba nitaandika habari hizi katika kitabu cha serikali. Akataka kujua: kikishachapishwa, je, wao wataweza kukitaja kama ushahidi? Nilimwambia ndiyo, kwa maelezo ya shimo na matuta, maana hayo niliyaona. Akauliza, na kwa jina la mzee? Nikamwambia atafute kitabu kizima, hatalikuta. Alicheka, akasema basi bibi yake atafurahi, kwa sababu yeye ni wa ng'ambo ya bonde.